Usukani Uliotazama Chini

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Wengine hukumbuka siku zao za aibu kwa tabasamu, kwa kuwa miaka imezilainisha. Yangu haijalainika. Kila ninapomwona kijana akipita mbio juu ya baiskeli huku uso wake umeinama, moyo hunishtuka, nami hulazimika kusimama kando ya njia mpaka utulie. Hadithi hii nimeificha muda mrefu kwa sababu hainipambi. Leo nakusimulia, kwa maana nimesikia unatafuta baiskeli.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii, kijana wa shati jeupe na tai, mwenye vyeti viwili na majivuno ya vyeti vinne. Posa yangu ilikuwa imepelekwa kwa Nyaboke, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Onchari, mchonga mawe wa Tabaka. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamezungumza, ng'ombe walikuwa wametajwa, na lililobaki ni mimi mwenyewe kufika nyumbani kwao nionwe.

Kuonwa si jambo dogo kwetu Wagusii. Mkwe mtarajiwa hutazamwa anavyoingia uani, anavyoketi, anavyosalimu, na zaidi ya yote anavyoshika haya mbele ya wazazi wa binti. Haya hiyo tunaiita chinsoni. Ni ukuta kati ya kizazi na kizazi. Baba mkwe hafanyiwi mzaha. Mama mkwe hapewi hata mkono wa salamu, wala mwili wake haukaribiwi. Husalimiwa kwa mbali, kwa sauti ya upole, basi. Mkristo na asiye Mkristo, sote tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Kosa langu lilianzia mahali pasipo na ubaya wowote, katika kibanda cha fundi wa baiskeli karibu na soko. Nilikuwa nimenunua baiskeli kuukuu kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya: nyepesi, nyembamba, ya kutembelea mjini kwenye lami. Haikuwa na friwili. Labda hujapata kuendesha ya namna hiyo. Katika baiskeli zetu za kawaida, ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea na pedali hutulia. Katika ile, pedali na gurudumu la nyuma vilikuwa vimefungamana. Gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, upende usipende, na anayetaka kupunguza mwendo hana budi kuzipinga kwa nguvu za miguu yake. Usukani wake ulikuwa umevunjika, nami nikaipeleka kwa Fundi Wafula aniwekee mwingine.

Fundi Wafula alikuwa mtu mzima kutoka Bungoma, aliyezungumza nasi Kiswahili kwa sababu Kigusii kilimshinda. Alinitolea sukani mbili, akazilaza juu ya gunia. Wa kwanza ulikuwa mpana, umeinuka, una kutu kidogo, na ulikuwa na breki yake ya mbele pamoja na vyuma vyake vyote. Wa pili ulikuwa wa mashindano. Ulipinda kwenda mbele kisha chini kama pembe za kondoo dume, na uling'aa hata nikauona uso wangu ndani yake. Huo haukuwa na mahali pa kufungia breki ile.

"Chukua huu mpana," fundi aliniambia. "Ukiushika huu unakaa wima kama mtu kanisani. Unaona mbele. Ule mwingine unatazama chini, na mwenye kuushika anatazama chini pia."

"Huo mpana ni wa wachuuzi wa ndizi," nikamjibu.

"Wachuuzi wa ndizi wanafika."

Ombati, karani mwenzangu aliyekuwa amenisindikiza, akaangua kicheko. "Fundi, huyu anakwenda ukweni. Akifika na hicho chenye kutu, watamwuliza mkungu anauza bei gani."

Fundi hakucheka. Aliunyanyua ule wa pembe, akaugeuzageuza. "Karani, mimi si wa kwenu na mila zenu sizijui. Lakini milima yenu naijua, kwa maana kila siku inaniletea baiskeli za kutengeneza. Hii haina friwili, na wewe unataka isiwe na breki, uende nayo Tabaka? Miguu yako itachoka kabla ya mteremko kuchoka."

Nilimwambia afunge. Akafunga, akakaza nati moja baada ya nyingine, na alipomaliza hakunitazama usoni. Sikujali. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko yeye, na ujinga wa msomi, mwanangu, una ukaidi ambao mjinga wa kawaida hana.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku ya kuonwa. Baba yangu mdogo, ambaye angekuwa msemaji wangu, alitaka twende pamoja kwa basi. "Mkwe haendi peke yake kama mpeleka barua," aliniambia. Nikamwambia atangulie, nami ningemfuata. Ukweli ni kwamba nilitaka nitokeze peke yangu kileleni mwa mlima wa kwao, watu wanione kutoka mbali na wauone ule usukani ukimeta juani.

Karibu na Tabaka, wazee watatu waliotoka misani walikuwa wamepumzika ukingoni mwa barabara. Nilipita mbele yao nikiwa nimeinama, kidevu kimekaribia kugusa chuma, na ile sehemu ya mwili ambayo mwenye adabu hawainulii wakubwa wake ikiwa juu kuliko kichwa. Niliwasalimu bila kuinua uso.

"Huyu anatusalimu kwa upande upi?" nikamsikia mmoja wao akiuliza.

"Ule wenye akili," mwingine akamjibu.

Wakacheka, nami nikajiambia kwamba hawa ni watu wa shamba, hawajapata kuona kitu kizuri. Sikujua kwamba nilikuwa nimepewa onyo la mwisho, na tena limetolewa kwa upole.

Baada ya hapo barabara huteremka ghafla kuelekea kwenye machimbo ya mawe na nyumba ya Mzee Onchari. Mvua ya usiku uliopita ilikuwa imeulainisha udongo. Nilianza kuzipinga pedali, nazo zikanipinga. Mguu wa kulia uliteleza kwanza. Pedali ikazunguka na kunipiga kwenye muundi. Wa kushoto nao ukatoka. Sasa pedali zilikuwa zikizunguka zenyewe kwa kasi isiyokaribika, nami nimening'inia kwenye zile pembe, sina breki, sina miguu. Nilijaribu kuinua kichwa, lakini mikono iliyoshika chini hivyo haimruhusu mtu kuinua kichwa bila kuachia. Mbele sikuona kitu. Niliona gurudumu, niliona kokoto, niliona udongo mwekundu ukinijia. Kisha nikaona miguu miwili ya mwanamke, mitupu, imesimama imara katikati ya njia.

Sikumbuki kishindo. Nakumbuka sauti ya mawe yakivunjika, sauti nyembamba kuliko mtu angedhani, kama vikombe. Nilipofumbua macho nilikuwa nimemlalia mtu, mikono yangu imemkumbatia mabegani, na pembeni yetu kulikuwa na kikapu kilichopinduka na vipande vya bakuli za mawe, zile nyeupe zilizong'arishwa za kuwekea matunda. Nikasikia sauti ya Nyaboke ikiita kutoka juu ya ua.

"Mama."

Alisema neno hilo moja tu, kwa sauti ya chini. Ndipo nilipojua nilikuwa nimemlalia nani.

Natamani ningekuambia kwamba watu walipiga mayowe. Mayowe yangenisaidia. Majirani waliokuwa njiani waligeuka wote kwa pamoja, wakatuonyesha migongo, wanaume na wanawake, kwa kuwa macho yao hayakustahili kuona nilichokuwa nimekifanya. Mama yule alikuwa amevunjika mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kimekaa upande usiokuwa wake. Hakulia. Kwa mkono wa kushoto aliivuta kanga, akajifunika magoti kwanza. Nami, kwa huruma ya kijinga, nikanyoosha mikono nimwinue.

"Usiniguse," aliniambia.

Hebu fikiri, mwanangu. Nilikuwa nimemvunja mtu, na nilikuwa mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumwinua. Nilisimama pale mikono imenyooka hewani mpaka wanawake wawili walipokuja kinyumenyume, wakamzunguka, wakamchukua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na aliyevunjika ni mwingine.

Mama alipelekwa hospitali ya misheni. Mimi sikuingia uani. Nilibaki nje ya lango pamoja na baba mdogo, ambaye aliketi juu ya jiwe akiwa amejifunika uso kwa kofia yake. Mchana ulikuwa umesogea Mzee Onchari alipotoka kutujia. Vumbi jeupe la kazi yake lilikuwa limekaa katika mikunjo ya vidole vyake, vumbi ambalo hata sabuni ya Jumapili hailiwezi. Alizungumza Kigusii, taratibu, bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Baba, ilikuwa bahati mbaya," nilimwambia kabla hajaniuliza.

"Mvua ya mawe ni bahati mbaya," alijibu. Akaitazama baiskeli iliyolala ukutani. "Hiki unachoshika kwa mikono, ulizaliwa nacho?"

"La, Baba. Nilikinunua."

"Kilikuwa peke yake kwa fundi?"

"Vilikuwa viwili."

"Kile ulichokiacha kilikuwa na kasoro gani?"

Baba mdogo akaondoa kofia usoni, akanitazama. Kutu? Ningesema kutu mbele ya mtu ambaye mkewe amelala hospitalini?

"Kilikuwa kipana," nikasema mwishowe. "Kilikuwa na breki. Nilitaka huu kwa sababu nilitaka nionekane."

"Basi umeonekana," alisema Mzee Onchari.

Akaendelea. "Mimi huchonga mawe. Kabla sijagusa jiwe hujiuliza ni mkono wa nani utakaokishika chombo, na ni nini kitakachowekwa ndani yake. Jiwe zuri lililochongwa bila kuuliza ni kifusi. Kwa lile la kugusana, wazee watakuambia mbuzi wa kulitakasa, utamleta, nalo litakwisha. Lakini kwa ile siku uliyosimama kwa fundi ukachagua, sijui mbuzi wa kuitakasa."

Kisha akatuacha. Nyaboke alikuja langoni baada yake. Hakutoka nje, alisimama upande wa ndani, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi.

"Ulimwona?" aliniuliza.

"Sikumwona, Nyaboke."

"Sisi tulikuona tangu kileleni. Mama alikuwa akitoka kwenye kibanda cha kuchongea na bakuli alizochonga Baba kwa ajili yako. Nilimwita atoke njiani. Akanijibu, 'Huyu ni mkwe wangu. Hawezi kukosa kuniona.'"

Kisha akarudi ndani. Mbuzi nilimpeleka na wazee wakampokea. Wiki mbili baadaye baba mdogo aliitwa Tabaka, akarudi na habari kwamba mazungumzo ya posa yamekoma. Nyaboke mwenyewe ndiye aliyesema hivyo mbele ya wazee, jambo ambalo wasichana wa wakati ule hawakulifanya, na hakuna aliyempinga. Mkono wa mama yake uliunga vibaya. Tangu siku hiyo hakuweza kusonga ugali wa watu wengi, na kila mgeni alipokaribishwa katika nyumba ile, sababu yake ilisimuliwa upya.

Mwanangu, nimeishi na swali la Mzee Onchari muda mrefu kuliko nilivyoishi na elimu yangu, na katika hilo nimeona kwamba watu wengi hawapotei kwa kukosa kujua. Fundi alinieleza. Baba mdogo alinieleza. Wazee wa barabarani walinieleza kwa mzaha. Nilijua yote, na nikachagua king'aacho. Nyinyi wa leo mna suruali za miguu mipana na viatu vilivyoinuliwa soli, nanyi mnadhani tamaa ya kuonekana ni uvumbuzi wenu. Ni ya kale, na imewavunja watu wengi wasiohusika nayo.

Kwa hiyo shika haya. Chochote unachotaka kukitia mikononi, kiwe chombo, kazi au cheo, jiulize kwanza kitayaelekeza wapi macho yako. Kile kinachokulazimisha kujitazama wewe mwenyewe na gurudumu lako, kiache, hata kama kinapendeza. Kile kinachokuruhusu kukaa wima ukawaona wanaokuja mbele yako, kichukue, hata kama kina kutu. Usiende mahali pa kuteremka bila uwezo wa kusimama. Na jambo ulilolichagua mwenyewe usiliite bahati mbaya. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Juu ya yote, kumbuka kwamba yuko mtu njiani ambaye hatakukwepa, kwa sababu anakuamini. Huyo ndiye utakayemdhuru usipokuwa macho.

Mungu akupe mikono inayojua kuachia na macho yanayofika mbali. Wazazi wa utakayemposa wakuone unakuja, na wewe uwaone. Milango ya watu ikufungukie kabla hujabisha, na asiwepo hata mmoja atakayegeuza mgongo kwa aibu yako. Nenda salama, mwanangu.