Ndara za Fleti Namba Sita

Juzi nilikwenda kwa dalali wa nyumba, mtaani kwetu Khuwair ya Kusini, huku ughaibuni, kumwambia bomba langu linavuja. Mbele yangu alisimama nesi mmoja, kashika tangazo la fleti namba sita.

"Samahani kaka, bado ipo?"

Dalali, mtu wetu wa Unguja, alimtazama usoni. "Mtu wa wapi?"

"Burundi."

Akafunga daftari. "Ishapata watu, dada. Familia."

Mama wa watu akashukuru, akatoka. Mimi nnakaa namba saba, mlango unatazamana na hiyo sita. Mwaka mzima sijasikia humo mtoto wala sufuria. Mlangoni tu zimepangwa ndara za mume, za mke na za mtoto, zimejaa vumbi.

"Familia gani?" nikauliza.

"Zile ndara nimeziweka mimi," akasema taratibu. "Nnakuchagulia majirani, ami."

Nikaendelea na habari ya bomba.

Niliporudi nilikuta ndara za mtoto zimegeuka, zinatazama mlango wangu. Nikatoa salamu. Sasa naitoa kila nikipita, maana hao ndio majirani niliowaridhia, na siku wakiitikia sitakuwa na jirani wa kumkimbilia.