Mama wa Kutoa Betri

Majirani wa Doreen Pascoe pale Kilburn hawakuielewa kazi yake hata siku moja: alilipwa kuua kompyuta. Vijana wa kampuni walikuwa wakiandika mfumo mpya wa kuendesha kompyuta za mkononi, zile za kutia mfukoni, na kila toleo lilipoiva lililetwa mezani kwake alijaribu kama litastahimili. Vidude vile havikuwa na diski. Kila ulichoandika kiliishi kwa nguvu ya betri. Ukitoa betri kubwa, ile ndogo ya duara inashikilia kumbukumbu. Ukitoa zote, kidude kimesahau kila kitu, na hapo mfumo ulitakiwa uamke mweupe bila kukwama. Doreen alizitoa zote mara arobaini kwa siku.

"Mama muuaji, leo umezika ngapi?" Hamish, mwandishi wa programu, alipenda kumchokoza.

"Zako zote, mwanangu, na hazijafufuka. Nenda kaandike upya!"

Mumewe Clive alipofariki, Februari 1997, aliacha kompyuta moja kama hizo, na ndani yake sekunde tisa za sauti yake: "Dori, paka nimeshamlisha. Akilia usimwamini, mwongo huyo." Hapakuwa na sauti nyingine ya Clive popote duniani. Na Doreen, aliyewafokea wenzake kila siku wasiponakili kazi zao, yake hakuinakili. Mganga hajigangi, mimi simlaumu.

Jumapili moja asubuhi binti yake, Gail, alifika kutoka Leeds na kichanga cha wiki sita.

"Mama, nataka amsikie babu yake."

Doreen aliileta mezani kompyuta ya Clive. Kioo kilionyesha betri zimechoka.

"Ngoja nibadilishe. Hivi treni zenu zimechelewa tena?"

"Usiniulize! Tumesimama Luton saa nzima, huyu analia, mimi nalia."

Doreen alicheka. Vidole vyake havikumngoja. Kifuniko wazi, betri kubwa nje, ndogo nje, mpya ndani. Kioo kikawaka cheupe, tarehe imerudi mosi Januari.

"Safi, imepita," akasema, kama kila siku kazini.

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Alifungua mahali pa sauti: patupu. Akafunga, akafungua tena, yeye aliyejua kuliko mtu yeyote London kwamba hakirudi kitu.

Gail alikuwa amemgeuza mtoto, sikio lielekee mezani.

"Haya mama, tuko tayari. Mwache baba aongee."