Mnunuzi Asiyeuliza Kama Zinaimba

Mtu aje kununua redio, asiulize kama inaimba? Huyo ana lake. Alisimama katikati ya chumba changu cha juu, mikono nyuma, akaziangalia spika, akaziangalia amplifaya, akainama kuzinusa kama anayechagua papa sokoni, na hakuuliza hata moja kama inafanya kazi. Kwa makusudi nikaiwasha ile kubwa yenye taa ya kijani, nimpime. Akasema, "Iko sawa, mama, zima tu, usijisumbue." Machale yakanicheza papo hapo.

Niseme kwanza vyombo vile vilikuwa vya nini, maana wageni wakiviona hudhani nilikuwa na duka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio hapa Amu, kisiwani Lamu. Kila chombo kilichokufa kililetwa kwake, na wenyewe wengi hawakurudi kuvichukua. Gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, redio za mbao zenye ukubwa wa kabati, mashine za kaseti, vipaza sauti, vyote vikaja kukaa kwetu. Mimi nilijifunza kwake kwa sababu moja tu, kwamba kwenye harusi ya wanawake mwanamume haingii. Yeye alikuwa akifunga nyaya asubuhi, anatoka, na mashine inabaki na mimi. Wanawake wakianza vugo, wakigonga pembe kwa vijiti na kuimba, mimi niko pembeni na maikrofoni, buibui nimelivua, jasho linanitoka, narekodi.

Na nyimbo zile, subhanallah! Mle ndani mtu alikuwa anasemwa. Mawifi wanasemwa, mama mkwe anasemwa, bwana harusi mwenyewe anachekwa mpaka mwendo wake. Ndiyo maana bibi harusi hakuthubutu kuichukua kaseti yake akaenda nayo kwa mumewe. Ilibaki kwangu. Akitaka kujisikiliza, anakuja baada ya adhuhuri, tunatia komeo mlangoni, tunacheka mpaka machozi, kisha kaseti inarudi kwenye sanduku la mbao la bibi yangu. Kila mmoja nilimwahidi: sauti yako haitoki nyumba hii. Ilikuwa amana, na hata mume wangu hakuwahi kuzisikia, ingawa sanduku lilikuwa chini ya dirisha la chumba alicholala.

Humo humo sandukuni mlikuwa na kaseti ya mama yangu, niliyoifunga kwa uzi mweupe. Mama ndiye aliyekuwa akiongoza vugo mtaani kwetu. Hakuna pengine duniani ilipobaki sauti yake.

Sasa magoti yangu hayataki ngazi tena, na nyumba hii ni ngazi tupu. Mwanangu aliyeko Mombasa akaamua nihamie vyumba viwili vya chini, mtaa wa pili, na hii ipangishwe. Vyumba viwili! Mimi nilikuwa na vyumba viwili vya spika peke yake. Nikalia, nikanuna, mwisho nikakubali, kwa kuwa siku moja nilikaa kwenye ngazi ya katikati kutwa nzima, siwezi kupanda wala kushuka. Akavipiga picha vyombo kwa simu yake, akazirusha huko wanakozirusha, na mara akapatikana huyu mtu wa bara.

Alishuka kwa ndege Manda, akavuka kwa boti, akaja na viatu vinavyong'aa ambavyo vumbi la mitaa yetu halikuvigusa. Sijui alipita wapi. Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ulionitia shaka zaidi. Mara ananiita mama, mara ananiita shosho, kama wanavyowaita nyanya zao huko bara. Shosho! Nikamwambia mimi si shosho wa mtu, hapa kwetu mtu mzima ni Bi. "Pole sana, Bi mama," akasema. Bi mama ndiyo nini?

Akatoa futi akaanza kupima. Anapima redio upana na kimo, kama anayemkatia mtu sanda. Akapiga picha mbele, akapiga picha nyuma. Nikamwonyesha zilizo nzima, yeye akaenda kuzipapasa zilizokufa. Kisha akaniambia kwa ile sauti yake ya asali, "Naomba kitu kimoja tu. Usifute vumbi, na usitoe kitu chochote. Ziache vile ziko." Usitoe kitu chochote? Kitu gani hicho ambacho yeye anakijua kimo humo? Na alipokuwa anashuka, akageuka, jicho likaenda moja kwa moja chini ya dirisha. "Na hilo sanduku, nalo linauzwa?"

Nikasema ehee, nimekupata.

Nieleze nilivyoelewa. Siku za nyuma kidogo nilikuwa gatini nangoja boti ya kwenda Faza kumwona mgonjwa, nikasikia kwenye simu ya nahodha sauti ya mwanamke anaimba harusini. Namjua yule mwanamke. Ni marehemu, alikuwa mtu wa stara zake, na sasa anaimba kwa wanaume wanaokula mabuyu na kutema mbegu baharini. Harusi ile haikurekodiwa na mimi, namshukuru Mungu. Walisema kaseti ilitoka kwa mtu aliyepita akinunua vitu vya kale. Basi nani angenidanganya kwamba huyu mwenye futi anataka mbao?

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia huyu mtu hataki vyombo, anataka sauti za watu. Akaguna. "Mama, mtu ananunua vyuma vibovu kwa bei nzuri, wewe unamshuku?" Nikamuuliza, na wewe amekuahidi nini hata unamtetea? Akasema network ni mbaya, akakata. Network! Nilikuwa namsikia mpaka mkewe anavyokoroga chai.

Tangu hapo sikumwamini mtu. Nilifikiri kuwarudishia wenyewe kaseti zao, lakini nyumba zile sasa zimejaa vijana na simu zao, na kaseti ya harusi ya nyanya ikiingia mle, kufika magharibi iko Dubai. Nilifikiri kumuuliza mtu shauri, na kila niliyemfikiria nikamwona huenda ndiye aliyenichongea kwa yule bwana. Shoga yangu wa utotoni, anayekaa nyuma ya msikiti, alikuja kunisaidia kufunga vyombo vya jikoni. Tuko katikati ya masufuria akauliza, "Na kaseti zetu wazipeka wapi?" Nikajitia sikusikia. Akauliza tena. Nikamkata jicho, nikamwambia aangalie sahani zisivunjike. Mtu niliyecheza naye mdako! Nikajisemea moyoni, ametumwa.

Asubuhi yake nilitia komeo, nikalivuta sanduku katikati ya chumba, nikachukua mkasi wa kushonea.

Ya kwanza ilikuwa ya huyo huyo shoga yangu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza niliyorekodi maishani. Bibi harusi hukaa kafumba macho, kimya, kama hayupo. Yeye siku ile walipoanza kumwimba mama mkwe wake na ubahili wake wa kupima unga kwa kofi za mkono, alishindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, bibi harusi mzima, na kikaingia kwenye kaseti. Baadaye alinishika mkono akaniapisha: mama mkwe asijue, mume asijue, asisikie mtu. Nikaapa.

Basi nikauvuta ule utepe wa kahawia, nikaukata. Nikavuta nyingine, nikakata. Vidole vikaniuma, utepe ukajaa chumba, paka wawili wakaingia kupitia dirishani wakauchezea nikawafukuza kwa kandambili. Nilikuwa nasema jina la kila mmoja kabla ya mkasi, na kumwambia, usiwe na wasiwasi, dada, umesitirika. Wallahi nilijiona mtu mwema. Nilijiona ndiye mlinzi wa mwisho wa wanawake wa mji huu.

Ya mama niliishika, nikaifungua uzi, nikaufunga tena. Sikuweza. Nikaitia kifuani, ndani ya kanga, nikasema hii nitakufa nayo. Vipande nikavitia kwenye magunia, mwenye punda akayachukua na taka nyingine za kuhama. Hakuuliza, na nilimshukuru kwa kutouliza.

Siku ya kuchukua vyombo yule bwana alikuja na mafundi wawili. Nilimngoja mlangoni, kanga nimejifunga kibwebwe, tayari kwa ugomvi. Sanduku nalo nilimkubalia kumuuzia, maana nilitaka sana nimwone uso atakapolifungua. Akapanda, akalifungua, likawa tupu. Nikamwangalia.

Akatabasamu mpaka magego. "Safi kabisa! Nilidhani nitapata kazi ya kuondoa vitu."

Nikadhani anajikaza. Lakini vyombo viliposhushwa uani, mafundi wake wakatoa bisibisi na koleo, wakaanza kuvipasua. "Toeni matumbo yote," akawaambia, "tubebe maganda tu, boti isilemewe." Wakakata nyaya, wakang'oa sumaku za spika, wakazirusha pembeni. Nikamuuliza wanafanya nini. Akanieleza kwa upole ule ule, kwa furaha kabisa. Kuna hoteli wanaitengeneza upande wa Manda. Spika zitakuwa meza. Redio za mbao zitatiwa taa ndani. Sanduku litakaa mapokezi. Vumbi lilitakiwa libaki ili wageni waone ni vitu vya kale kweli, maana vikisuguliwa wanasema ni vya kuigiza.

"Na kaseti?" nikamuuliza.

"Kaseti gani, shosho?"

Safari hii sikumkemea. Niliitafuta kwa macho ile mashine yenye taa ya kijani, maana ina sehemu ya kaseti, na kaseti ya mama ilikuwa inanichoma kifuani. Nikamwambia, hii niachie, nimebadilisha nia. Akageuka kumwangalia fundi wake, na fundi alikuwa ameshaishika mikononi, nyaya zinaning'inia. Akaniomba radhi. Najua aliomba kwa dhati, na hilo liliniudhi kuliko kama angekuwa mwizi.

Walipoondoka nilitoka nikaenda madukani. Mimi, niliyekuwa naazimwa vyombo na mji mzima, nikawa natembea na kaseti moja kuomba pa kuichezea. Kijana wa duka la simu aliigeuza geuza akasema, "Bi, hii inaingia wapi?" Mwingine akaniambia niipige picha. Nilipita nyumba ambazo harusi zao nilizijaza sauti, nikabisha hodi, wakanikaribisha chai, na mashine hakuna. Magoti yakaanza kunilaani. Mwisho nikajikuta nyuma ya msikiti, na aibu yangu usoni.

Shoga yangu alifungua kabla sijabisha mara ya pili. Anayo redio ndogo ya kaseti, huisikilizia Qur'ani alfajiri, kifuniko kimefungwa kwa mpira. Nilipomwonyesha ule uzi mweupe hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi, wala kwa nini nilimkata jicho. "Ndoo ndani, ingia," akasema. "Funga mlango."

Tukatia komeo. Tukakaa chini mkekani. Kwanza ikavuma tu, nikasema imekufa, kisha pembe zikalia, na mama akaanza. Yuko pale pale, na ile pumzi yake ya kukata katikati ya mstari, anamtania mtu, wanawake wanaitikia. Nililia bila kujificha. Shoga yangu alikuwa anaitikia pamoja nao, anajua kila neno, mikono inagonga pembe ambazo hazipo.

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka. Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Sasa yangu," akasema. "Tangu siku ile nakuuliza, wewe wanikata jicho. Mama mkwe kafa, mume kafa, siri yangu nimfite nani tena? Nataka nijisikie nikicheka. Hata wanangu hawanijui nacheka vipi. Nataka niwaite, niwaambie, huyo ni mimi."

Nikatazama redio. Nikasema nitaitafuta, vitu vyangu bado vimo ndani ya makatoni.

Akanipigapiga goti, lile lile bovu, taratibu.

"Tafuta polepole," akasema. "Kwako hakipotei kitu."