Makofi Niliyopigiwa Tuisheni

Mjukuu wangu Zuhura aliniambia kwamba tuisheni kwao mtoto akikosea anapigiwa makofi. Nilishtuka. Makofi ya kukosea? Nikajifunga kanga, nikaenda Vingunguti kumtoa.

Niliingia bila hodi. "Mwalimu, unanifundishia mtoto ujinga."

"Shikamoo bibi." Sikuitikia; mwalimu akaendelea. "Nilikuwa nawauliza, moja ya tatu na moja ya nne, ipi kubwa?"

"Ya nne. Nani hajui nne inaizidi tatu?"

Nilisema hivyo mie, ninayekata mikate ya kumimina kila asubuhi na kuuza vipande.

Zuhura akasimama, akaanza kupiga makofi, wenzake wote wakafuata.

"Bibi," Zuhura akaniambia kwa upole, "sasa tueleze umefikaje hapo."