Viganja vya Bibi kwenye Udongo

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Kiswahili nilikisoma shule ya msingi tu, kule Pemba, na kuandika kwangu ni kwa mwendo wa kobe. Lakini juzi walichimba barabara mbele ya nyumba yetu hapa Edmonton, mvua ikanyesha, na harufu ya udongo mbichi ikanirejesha kwa Pak Wiryo.

Nilipokuwa mtoto, hapa hapa mjini, alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kijava kutoka Indonesia; "Pak" kwao ni kama kusema Mzee. Ujanani alichora kwa rangi mashamba ya mpunga na wanawake wa sokoni, na picha zake zikatundikwa mpaka kwenye majumba ya sanaa ya London. Kisha macho yakaanza kufifia. Akaacha brashi, akashika udongo, akawa anafinyanga kwa kupapasa. Kila Ijumaa Bibi alinituma nimpelekee biriani. Alikula kwa mkono kama sisi, na hilo lilimtosha Bibi kumhesabu mtu wa nyumbani.

Siku moja alipanda ngazi mwenyewe. Alikuwa anaandaa maonyesho yake ya mwisho, ikabaki sanamu moja, na alitaka iwe uso wa Bibi. Mkalimani wa Kiingereza nilikuwa mimi, niliyeona haya hata kuitikia jina langu darasani.

"Mwambie uso huu haujapigwa hata picha, ila ya pasipoti," Bibi alisema. "Na sanamu yenye uso inafukuza malaika."

Pak Wiryo akaomba mikono basi. Lakini yeye alifinyanga kwa kushika, na Bibi, mjane tangu siku za Mapinduzi, hakuwa wa kushikwa na mwanamme asiye maharimu wake. Nilipomfasiria hayo, mzee aliinamisha kichwa, akasema anaelewa, hata kwao ni hivyo. Akaanza kuitafuta ngazi kwa mguu ili arudi chini.

"Mwambie angoje," Bibi akasema. "Huo udongo uko wapi?"

Tukashuka. Bibi alipandisha mikono ya buibui, akaukanda ule udongo kama unga wa chapati, akausawazisha, kisha akakandamiza viganja vyote viwili, akavituliza hapo. Alipoviondoa zilibaki alama zake: mistari, pete, hata kidole kilichopinda.

"Haya, ashike huo. Udongo si mimi."

Pak Wiryo alipitisha vidole ndani ya kila alama, polepole. Bibi aligeukia dirishani, lakini hakuondoka mpaka mzee alipomaliza.

Baadaye alimimina plasta ndani ya zile alama, na mikono iliyotoka humo ikasifiwa kuliko picha zake zote. Mimi nilijua tu kwamba Bibi amemfaa jirani katika kazi yake. Wote wawili walikuwa wameshafariki nilipokuja kuelewa kwamba, tangu Babu afe, hakuna mwanamme mwengine aliyepata kuushika mkono wa Bibi kwa upole kama ule.

Kama nanyi mna watu wa namna hii katika nyumba zenu, niandikieni habari zao.