Baba Mkwe na Bomba la Majitaka

Kiwanja chetu kilikuwa kimebaki na nafasi ya shimo moja tu la choo, na nafasi yenyewe ilikuwa mbele ya mlango wa jiko langu. Nianzie hapo, maana watu hunisema kwamba nina hasira za karibu. Hebu na wewe songa ugali huku choo kinakutazama, ndipo uje uniambie nipunguze hasira.

Tunaishi Tunduma, juu kidogo ya barabara ya malori, katika mtaa uliojengwa na watu waliokuja kufanya biashara mpakani wakasahau kuacha njia. Gari la kunyonya majitaka haliingii kwetu; hata toroli la magunia linapita kwa kuomba radhi. Kwa hiyo choo kikijaa, unafukia, unachimba kingine. Wenzetu walikuwa wanachimba kimoja. Sisi tulikuwa tunachimba viwili viwili.

Sababu ni baba mkwe. Mume wangu ni mtu wa milima ya Ileje, na katika ukoo wao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasalimiani, hawali pamoja, na choo hawachangii hata dunia ipinduke. Mimi nimezaliwa Itaka, kwenye kahawa. Kwetu heshima ipo lakini haijafika huko. Mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza: ukimsikia anakohoa, jitande kitenge usoni, geukia ukuta, apite. Na kweli mzee alikuwa anakohoa. Nyumba yake iko upande wa juu wa kiwanja, yetu iko upande wa chini, na kila alipotaka kushuka barabarani alisimama kwenye kona ya banda la kuku, akakohoa mara mbili, akangoja, ndipo akapita. Miaka kumi na mmoja. Mvua inanyesha, yeye anasimama, anakohoa, anangoja. Nilimjua kwa kikohozi na kwa viatu.

Basi ilipotangazwa kwamba kuna mpango wa bomba moja kubwa la kukusanya majitaka ya nyumba zote na kuyapeleka kwenye mabwawa nje ya mji, nilinyoosha mkono kabla mwenyekiti wa mtaa hajamaliza kusema. Wakaniambia, Mwalimu, wewe unajua kuandika, uwe katibu wa kamati. Sijui nilikuwa nimelogwa au vipi, nikakubali.

Jamani, mikutano! Wa kwanza ulivunjika kwa sababu akidi haikutimia, wa pili kwa sababu ilitimia na wote wakataka kusema. Mzee mmoja aliuliza kama uchafu ukivuka kwenda Zambia utalipiwa ushuru. Watu wakacheka mpaka muda ukaisha, na mimi naandika muhtasari. Wafadhili walisema watatoa mabomba na mafundi, sisi tuchimbe mitaro kwa nguvu zetu na kila nyumba itoe mchango. Hapo wacheshi wote wakakumbuka wameacha chungu jikoni. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, haraka haraka haina baraka." Nikamjibu, "Mama, choo chako kimejaa tangu mwaka juzi, hiyo haraka unaiona wapi?" Alininunia mwezi mzima, lakini mchango akatoa.

Kwa kununiana hivyo hivyo tukafikisha mchango. Nilipanda basi kwenda Vwawa mara sijui ngapi kufuata mihuri. Ukifika, mwenye muhuri yuko semina. Ukirudi wiki inayofuata, mwenye muhuri yupo ila mwenye ufunguo wa kabati yuko msibani. Nikishuka stendi naulizwa, "Katibu, mbona kimya?"

Kikabaki kitu kimoja: fomu za ridhaa. Mhandisi, baba mmoja mpole mwenye buti za mpira, alitembea mtaa mzima na vyombo vyake akasema majitaka hayapandi kilima. Bomba la nyumba tisa zilizo juu yetu halina njia ila kushuka katikati ya kiwanja chetu: lipite kwa mzee, lipite chini ya jiko langu, litokee barabarani. Kila mwenye kiwanja asaini. Wote wakasaini. Baba mkwe akakataa.

Jibu lake lilikuja kupitia kwa mwenyekiti: "Mimi na mkamwana wangu hatuwezi kuchangia bomba." Basi.

Nikawaka. Kumbe miaka yote hii ananionea kinyaa! Ndivyo nilivyoelewa, na mtaa mzima ndivyo ulivyoelewa, kwamba mzee hataki uchafu wake uchanganyike na wa mke wa mwanawe. Nyumba tisa zikawa zinaniangalia kama mimi ndiye niliyezitafuna fomu. Nikamtuma mume wangu, dereva wa lori, mtu anayekwenda Kongo na kurudi bila kutetemeka. Alikwenda kwa baba yake, akanywa chai, akarudi. "Umemwambia?" "Nitamwambia nikirudi safari." Nikamwomba mama mkwe. Akasema, "Mwanangu, heshima si utumwa. Vumilia." Mwisho nikaamua kusema na kuku, maana hilo hakuna aliyeniharamishia: nikasimama bandani nikawaambia kuku kwa sauti ambayo mzee ndani ataisikia. "Nyie kuku, mnajua kwamba mbele ya jiko ndipo patachimbwa choo? Mnajua kuna watu wanazuia bomba?" Kuku wakanitazama. Ndani, redio ikaongezwa sauti.

Mvua zilipoanza, shimo letu likafika juu. Mume wangu akaja na kamba, akapima mbele ya mlango wa jiko, akachomeka vijiti vinne. Niliving'oa. Akavichomeka tena.

Siku ya mkutano wa mwisho mhandisi alisema wazi: fomu hii isiposainiwa leo, mabomba yanakwenda mtaa mwingine. Mimi nilikuwa mbele na daftari langu. Baba mkwe alikuwa amekaa upande wa wanaume, kwa hiyo katibu mzima nilikuwa nimeupa mkutano mgongo, nimejitanda kitenge, nausomea muhtasari ukuta wa ofisi ya mtaa. Ndivyo nilivyosoma kila mkutano aliohudhuria. Siku ile nilipofika penye maneno "mkazi mmoja hajaridhia," nikalifunga daftari. Nikakivua kitenge, nikageuka, nikamtazama.

"Baba, shikamoo," nikasema. "Kama unanionea kinyaa, sema hapa watu wasikie. Miaka kumi na mmoja najificha ukutani kama mwizi kwa ajili ya heshima yako. Heshima gani hii ya kuwalaza wajukuu zako juu ya mavi?"

Mama mkwe alijifunika uso. Na mimi nikamwona mzee kwa mara ya kwanza: mdogo kuliko nilivyomdhania, masikio makubwa kama ya mwanangu wa pili. Hakunitazama. Aliinamia viatu vyake, akamjibu mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mwambie katibu kwamba nyumba yangu iko juu na yake iko chini. Bomba linashuka. Uchafu wake yeye haufiki kwangu. Wa kwangu ndio utakaopita chini ya jiko lake, pale anapowapikia wajukuu zangu. Wa majirani na upite, hao ni majirani. Mimi ni mkwe wake. Sikuweza kumfanyia hivyo, na kumweleza sikuweza."

Mhandisi akainua kichwa. "Hilo tu?" Akafungua mchoro wake juu ya meza, akapiga mstari kwa kalamu: bomba la mzee lifuate uzio wa upande wa pili, likutane na lile kubwa huko barabarani. "Ni mabomba matatu zaidi. Si mngeniambia siku ya kwanza?"

Eti si tungemwambia. Miezi saba! Nani angemwambia? Mimi sikuruhusiwa kumuuliza mzee, mume wangu aliogopa, mama mkwe alivumilia, mwenyekiti alilibeba jibu kama alivyopewa, na kuku, naona, hawakufikisha ujumbe. Mtu mzima alikuwa na sababu yake, na katika mtaa mzima hakutokea hata mmoja wa kumuuliza kwa nini. Nilitamani kumzaba mtu kibao, nikatafuta nani, nikaona aibu. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya majirani mtu aliyekuwa ananisitiri mimi.

Mzee alisaini, akaondoka kabla ya sala ya kufunga mkutano.

Mitaro tuliichimba, na baada ya kununiana kwingine ambako sina nguvu ya kukusimulia, bomba likaunganishwa. Choo chetu sasa unamwaga maji yanakwenda, huulizi yamekwenda wapi. Vijiti vinne mume wangu alivitoa kwa mkono wake, na pale mbele ya jiko nimepanda mboga, chainizi. Majirani wananiita jembe.

Nilikwenda kuomba radhi kupitia kwa mama mkwe, na jogoo na shuka jipya. Mzee alipokea. Alisema hana kinyongo, na kweli hana. Ila ule mwiko wa kukohoa na kujitanda ulitaka watu wawili, na mimi nilikuwa nimeshageuka. Sasa anashuka tu. Anapita mbele ya mlango wangu, ananiambia, "Hujambo, Mwalimu," kama anavyomwambia mtu yeyote wa mtaani, namjibu, "Shikamoo, baba," anakwenda zake. Mama mkwe anasema nimshukuru Mungu, maisha yamekuwa rahisi.

Jana ilikuwa inanyesha. Nilisikia viatu vyake kwenye kona ya banda la kuku, nikajikuta nimeshavuta kitenge usoni na kugeukia ukuta. Nikangoja. Viatu vikapita bila kusimama.