Msiba Usio na Maiti

Juzi niliona kwenye simu wanajeshi wakiwachapa vijana wa nchi waliyoiteka, nikasikia tena harufu ya kakao iliyovundikwa nyumbani kwetu Ngana. Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, wanajeshi waliopiga kambi kijijini walimlaza kaka yangu na wenzake matopeni, wakaanza kuwatandika viboko. Ghafla mama akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio cha msiba. Wanawake wakadakia, nami nikalia nao. Kwetu hakuna anayesikia kilio hicho akabaki shambani; watu wakamiminika na majembe yao, wakawazunguka wanajeshi kimya. Fimbo zikateremshwa, viboko vikakoma. Wanajeshi wakaondoka.

Mimi niliendelea kulia. “Mama, nani amekufa?”

Alicheka huku akimpangusa kaka matope. “Hakuna, mwanangu. Leo tumelia kabla hajafa mtu.”